Daftari la mama lina nukta nyekundu 31, na moja iko kwenye jina langu. Nisaidieni

#1 Mtoto wa Tatu
Salama wakuu. Mi huwa msomaji tu humu, kufungua uzi sio kawaida yangu, ila hili limenikaa kooni wiki nzima.

Mama yetu alifariki mwaka jana. Alikuwa mtu wa watu, na simaanishi ile sifa ya msibani ambayo kila marehemu anagawiwa. Jioni tatu kwa wiki alikuwa anafundisha watu wazima kusoma, anaandikia watu barua za maofisini, anaosha wagonjwa wasio na ndugu, anasindikiza wajawazito usiku, anachangia damu, na mtoto wa mtu akikosekana shule siku tatu mfululizo yeye ndo anaenda kugonga mlango. Hakuna aliyemlipa hata mara moja. Na nyumbani tulikuwa watano pamoja na baba, wote tulifuliwa na daftari za shule zilikaguliwa. Masaa alikuwa anayatoa wapi sijui.

Sasa tunaandaa kumbukumbu ya mwaka mmoja, mimi nimepewa kuandika wasifu wake, ukurasa mmoja. Nikafungua boksi lake nikakuta madaftari matatu, miaka 22 ya maandishi. Kila mtu ana mstari wake: tarehe, jina, shida, alichofanya. Majina 214, nimehesabu mara mbili. Majina 31 yana nukta nyekundu pembeni na hakuna popote alipoeleza nukta ni ya nini.

Kilichonimaliza ni kwamba na sisi watoto wake tumo. Mle mle katikati ya watu, kwa mtindo ule ule. "Wa tatu. Homa. Nimekesha." Mimi nimo mara nne na mara moja nina nukta. Pale ameandika: "Wa tatu. Kanyamaza. Sijafanya kitu." Nilikuwa na miaka 13. Sikumbuki chochote cha siku hiyo.

Nauliza mawili. Nukta ni ya nini? Na sisi tulikuwa watoto au tulikuwa kwenye foleni kama wengine?

#2 Kalamu Butu
Pole sana mkuu. Hizo nukta ni waliofariki. Bibi yangu alikuwa anafanya hivyo kwenye kitabu chake cha namba za simu, mtu akiondoka anawekewa alama.

#3 Mtoto wa Tatu
Asante mkuu. Ila mimi ndo huyu nakujibu.

#4 Zumaridi
Hahaha Kalamu Butu umemzika mleta uzi mapemaaa

#5 Fundi Saa
Wadaiwa. Nukta nyekundu daftarini ni deni, duniani kote. Wewe ulikopa hela ya mama ukiwa na miaka 13 ukanyamaza, na yeye kaandika kabisa "kanyamaza". Lipa deni mzee.

#6 Mpita Njia
Nasubiri wajuzi, niko hapa pembeni.

#7 Nesi Mstaafu
Mwanangu pole. Mimi nimefanya kazi wodini miaka mingi na nimejitolea vijijini na mitaani, ngoja nikwambie kitu ambacho vijana hamkijui. Mtu anayeingia nyumba za watu anaona mengi, kuna mtu anapigwa, kuna binti amepata mimba na wazazi hawajui, kuna mwenye ugonjwa ambao hataki utajwe. Kwenye daftari langu nilikuwa na alama ya watu wa aina hiyo, ambao hata mwenzangu wa zamu asinisikie nikiwataja. Mimi niliweka duara dogo. Kwa mama yako inawezekana ilikuwa nukta. Kwa hiyo nakuomba, kabla hujaandika wasifu, usimtaje mtu yeyote wa kwenye daftari, hata kwa sifa nzuri. Hao walimwambia yeye, hawakukwambia wewe.

#8 Mtoto wa Tatu
Shikamoo mama. Nimekuelewa, na kiukweli nilishaanza kuandika "alimsaidia fulani wa nyumba ya pili", nimefuta. Lakini mimi siri yangu ya miaka 13 ilikuwa ipi mpaka aifiche na mwenyewe siijui?

#9 Nesi Mstaafu
Marahaba. Hiyo ndo ya kumuuliza dada yako mkubwa.

#10 Binti Mkimya
Naomba niseme kitu ambacho hakitapendeza. Mama yangu naye alikuwa hivyo. Watu wanamlilia mpaka leo, wananisimamisha njiani wananiambia mama yako alikuwa malaika. Mi namkumbuka akiwa mlangoni, kashika begi, anasema narudi sasa hivi. Siku niliyopata cheti cha kumaliza shule alikuja nusu saa baada ya watu kutawanyika kwa sababu kuna mama alikuwa anajifungua. Nilimwelewa. Yule mtoto aliyezaliwa siku hiyo saa hizi ana miaka 19 na ananisalimia vizuri sana, lakini kila nikimuona nakumbuka viti vitupu. Kwa hiyo mleta uzi, swali lako la foleni mi nalielewa kabisa, na usikubali mtu akwambie huna shukrani.

#11 Kaka Mkubwa
#10 hapo umegusa. Ila angalieni tunavyouliza. Baba yangu alikuwa harudi mpaka usiku, siasa, mpira, vikao, na hakuna aliyewahi kuuliza kama alituibia muda. Mama akitoka mara tatu kwa wiki tunafungua uzi.

#12 Dokta wa Makaratasi
Kaka Mkubwa kagusa penyewe. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti mwaka 2018 kuhusu kazi za matunzo zisizo na malipo, yaani kupika, kufua, kulea, kuuguza. Walipata masaa bilioni 16.4 kwa siku kwenye nchi 64 zenye takwimu, sawa na watu bilioni 2 wanaofanya kazi masaa nane kila siku bila senti. Wanawake wanabeba asilimia 76.2 ya hayo masaa. Mama wa mleta uzi alibeba hayo ya nyumbani kwake, halafu akaenda kubeba ya nyumba nyingine. Kwa hiyo mi sishangai kawaandika wote daftari moja, kazi ilikuwa ni ile ile, mlango tu ndo ulikuwa tofauti.

#13 Zumaridi
Dokta hujambo, leo umekuja na takwimu mbili tu, unaumwa?

#14 Dokta wa Makaratasi
Nyingine ziko njiani.

#15 Upepo wa Juu
Kujitolea kunaongeza umri, hilo limethibitishwa kisayansi, kwa hiyo mama hakupoteza kitu, alijipatia miaka.

#16 Dokta wa Makaratasi
Upepo taratibu. Kuna uchambuzi wa 2013 uliojumlisha tafiti za wazee wanaojitolea, ukakuta hatari yao ya kufa ndani ya kipindi kilichofuatiliwa ilikuwa chini kwa kama robo, hata baada ya kuzingatia afya na mengineyo. Lakini huo ni uhusiano tu, haujathibitisha kwamba kujitolea ndo kulikosababisha. Mtu mwenye magoti mazima na nyumba iliyotulia ndo anayeweza kutoka kwenda kujitolea, mgonjwa anabaki kitandani, ukija kuwalinganisha lazima huyu wa kwanza aonekane anaishi zaidi.

#17 Mtoto wa Tatu
Mama kaondoka na miaka 61. Na magoti yalikuwa mabovu.

#18 Upepo wa Juu
Samahani mkuu. Sikufikiri.

#19 Mtoto wa Tatu
Usijali.

#20 Fundi Saa
Narudi kwenye nukta, ya deni nilikuwa natania. Mleta uzi umesema alikuwa anachangia damu. Nyekundu. Damu. Nukta ni watu aliowachangia damu! Au wewe uliwahi kuumwa?

#21 Kalamu Butu
Daaah hiyo imekaa vizuri. Mi naunga mkono, natupa ya kwangu ya marehemu.

#22 Nesi Mstaafu
Tupige hesabu basi. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke apumzike wiki 16 kati ya kuchangia na kuchangia, kwa mwanaume ni 12. Maana yake mwanamke ni mara tatu kwa mwaka, na hapo ni kama damu iko vizuri, hana mimba, hanyonyeshi. Kwa miaka 22, mara 31 inawezekana kabisa. Mwanangu angalia tarehe za nukta, kuna mbili zilizokaribiana?

#23 Mtoto wa Tatu
Nimeangalia zote. Kuna mbili zina siku tano katikati. Na nyingine tatu ziko mwezi mmoja.

#24 Nesi Mstaafu
Basi siyo damu, au siyo zote.

#25 Fundi Saa
Labda alikuwa anaweka nukta baadaye, siku nyingine, sio tarehe ya tukio. Siachii hii.

#26 Mwalimu wa Zamu
Mbona mnasahau kitu rahisi. Mimi ni mwalimu, nyekundu ni kusahihisha. Mwalimu anapitia kazi, akikuta haijakamilika anaweka alama ili arudi. Mama alikuwa anafundisha kusoma jioni, mkono wake ulikuwa umezoea kalamu nyekundu. Nukta ni "rudi hapa". Na mstari wako wenye nukta ndo ule aliosema hajafanya kitu. Inaingia.

#27 Binti Mkimya
Inaingia kabisa. Swali ni kama alirudi.

#28 Mtoto wa Tatu
Mwalimu niliipenda sana hiyo mpaka nikaenda kuhakikisha. Kwenye zile 31, kumi na mbili ameandika mwishoni "imeisha". Karudi shule, imeisha. Kapata barua, imeisha. Sasa kama imeisha kwa nini iwe na nukta?

#29 Mwalimu wa Zamu
Alisahau kuifuta. Kalamu haifutiki.

#30 Kalamu Butu
Mwalimu hapo unalazimisha kama mimi na marehemu wangu.

#31 Upepo wa Juu
Mkuu mi naona uko hatua ya pili ya maombolezo, hasira, kuna hatua tano zinajulikana, ukifika ya tano utakubali na hizo nukta hazitakusumbua.

#32 Dokta wa Makaratasi
Upepo leo una mkosi. Zile hatua tano ni za Elisabeth Kübler-Ross, 1969, na alizipata kwa kuongea na wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Ni baadaye zikaja kubebeshwa wafiwa, na wengi tunazisoma kama ngazi, leo ya pili kesho ya tatu. Mfiwa hapandi ngazi. Asubuhi anacheka, mchana anafuta namba ya simu, usiku anaitafuta tena.

#33 Kaka Mkubwa
Ya namba ya simu umenipata. Mi ya baba bado ninayo, huyo huyo wa vikao niliyekuwa namsema hapo juu.

#34 Zumaridi
Hakuna anayefuta jamani

#35 Mama Mapacha
Nimesoma uzi wote nikiwa nanyonyesha, typo mnisamehe. Mleta uzi kama unaweza subiri usome hiyo kumbukumbu tarehe 5 Desemba, ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, Umoja wa Mataifa waliipitisha 1985. Ni bora kuliko Siku ya Mama, ile walianzisha wauza kadi na maua.

#36 Dokta wa Makaratasi
Hongera na mapacha. Ila Siku ya Mama haikuanzishwa na wauza kadi, iliharibiwa nao. Aliyeipigania ni Anna Jarvis wa Marekani, na alianza kwa kumkumbuka mama yake, ambaye huko West Virginia alianzisha vilabu vya akina mama vya kujitolea mwaka 1914.

#37 Mwalimu wa Zamu
Dokta nakukamata leo. Vilabu ni 1858. 1914 ni mwaka Rais Wilson alipotangaza Siku ya Mama kitaifa. Mama mtu alikuwa Ann Reeves Jarvis, alishafariki 1905. Akina mama wa vile vilabu walikuwa wanakagua maziwa, wanafundisha usafi, wananunulia wagonjwa dawa, kwa sababu watoto walikuwa wanakufa ovyo. Yeye mwenyewe alizaa zaidi ya kumi na waliofika utu uzima ni wanne tu.

#38 Dokta wa Makaratasi
Nimekubali, nimeruka miaka 56. Asante mwalimu.

#39 Kalamu Butu
Screenshot imepigwa. Dokta kakosea tarehe.

#40 Binti Mkimya
Na yule binti, Anna, iliishaje?

#41 Mwalimu wa Zamu
Ibada ya kwanza alifanya 1908, akatuma mikarafuu myeupe 500 kanisani. Namaanisha yale maua, mama yake aliyapenda. Biashara zikaingia, yeye akageuka akawa anapigana na siku yake mwenyewe, kesi, makelele, maandamano. Alisisitiza jina liandikwe kwa umoja, siku ya mama mmoja, wako, sio akina mama wote kwa jumla. Hakuwahi kupata mtoto. Alifariki 1948 kwenye nyumba ya wagonjwa, hela ya kwake haikuwepo.

#42 Binti Mkimya
Mama yake alihangaikia watoto wa watu, yeye akahangaika maisha yote ili mama awe wa mtu mmoja. Sijui kwa nini nimelia.

#43 Fundi Saa
Uzi umeanza na nukta tumefika West Virginia. Mleta uzi upo?

#44 Mtoto wa Tatu
Nipo, nilikuwa kwenye simu. Kwanza nimemuuliza dada mkubwa kama mama #9 alivyosema. Anasema usiku mama alikuwa anaandika mezani, akimuuliza unaandika nini anajibu "natunza hesabu". Basi. Hesabu ya nini hakusema. Kuhusu miaka yangu 13, dada anasema kuna kipindi kama miezi miwili nilikuwa siongei nyumbani, wakadhani ni ubalehe. Mama alikuwa anakuja kukaa kitandani kwangu, haongei na yeye, halafu anaondoka. Mi hilo sina kabisa kichwani. Nakumbuka mtu kukaa miguuni kwangu ila siku zote nilidhani ni ndoto.

Pili, nimepiga simu kwa watu wawili wenye nukta ambao tunafahamiana. Mama Nesi usinigombeze, sikuwaambia kuhusu daftari, nilisema naandaa wasifu. Wa kwanza, mama mmoja mtu mzima, kaniambia "mama yako alikuja kwangu mara moja tukagombana, akaondoka, hatukuongea mwaka mzima, halafu akarudi kama hakuna kitu". Wa pili ni mzee aliyekuwa na gari. Yeye kacheka. Anasema mama hakuwahi kumsaidia chochote, yeye ndo alikuwa anambeba mama na wagonjwa wake usiku bure.

#45 Mwalimu wa Zamu
Ugomvi na kurudi. "Rudi hapa". Nasimama na yangu.

#46 Kaka Mkubwa
Na yule wa gari? Huyo hana cha kurudiwa. Mi naona kinyume kabisa, nukta ni watu ambao YEYE ana deni kwao. Kamkosea yule mama, kabebwa bure na yule mzee, na mtoto wake alinyamaza yeye akakosa la kufanya. Fundi Saa alisema deni mwanzoni kwa utani, kumbe alikosea mwelekeo tu.

#47 Fundi Saa
Sikukosea. Nilisema deni. Naomba heshima yangu.

#48 Nesi Mstaafu
Na zile kumi na mbili za "imeisha" ni deni lililolipwa? Inawezekana. Lakini na siri pia inaisha. Mtoto akirudi shule hakuna haja tena ya kufichwa. Mimi sitoki kwangu.

#49 Binti Mkimya
Mleta uzi swali lako la pili hujajibiwa na mtu, lile la foleni. Yule mtu miguuni kwako, aliwahi kuandika siku hizo daftarini?

#50 Mtoto wa Tatu
Hapana. Nimetafuta. Kuna ule mstari mmoja tu wa "sijafanya kitu". Miezi miwili ya kuja kukaa hakuiandika hata siku moja.

#51 Binti Mkimya
Sawa.

#52 Upepo wa Juu
Naogopa kuongea leo lakini je, kama kalamu ya bluu iliisha wino?

#53 Zumaridi
HAHAHA Upepo. Kurasa zote hizi za uzi halafu ni kalamu

#54 Mama Mapacha
Mi kwangu hiyo haiko mbali sana jamani, mwenye watoto wanne anaandika na kalamu anayoikuta. Lakini nukta tu, na maandishi yote bluu? Hapana.

#55 Mpita Njia
Mi nilikuwa pembeni, ila kabla hamjaendelea kubishana, kazi yangu ni nyaraka za zamani. Mkuu hayo madaftari yatoe kwenye mwanga. Wino wa rangi unapauka, na mwekundu huwa hauchelewi, unaweza kubaki na alama ya kubonyeza tu bila rangi. Yapige picha zote leo, ukurasa kwa ukurasa, bila flashi, halafu yaweke kwenye boksi kavu. Nukta zingine labda zilishafutika na wewe unahesabu 31 wakati zilikuwa zaidi. Chukua tochi, imulike kwa ubavu, pitisha polepole pembeni ya kila jina uangalie vishimo.

#56 Fundi Saa
Mpita Njia ulikuwa wapi siku zote hizi

#57 Mtoto wa Tatu
Nimerudi. Nimepiga kurasa 40 simu ikajaa, nimefuta video nikaendelea. Na tochi nimejaribu kwenye daftari la kwanza, lile la zamani. Mkuu uko sahihi. Mpaka sasa nimepata vishimo sita visivyo na rangi. Viwili viko kwenye jina la dada mkubwa, kimoja kwa baba.

#58 Kaka Mkubwa
Baba naye yumo?

#59 Mtoto wa Tatu
Yumo. Mara moja. Kwenye shida ameandika "kachoka", kwenye alichofanya ameacha wazi.

#60 Kalamu Butu
Mkimaliza daftari la pili mnitag, nimeweka alarm.